Leseni ya Marehemu

Bi Zehra kaniletea kompyuta ndani ya leso,
fundo mbili, kama apelekaye futari.
"Fundi, hino yataka neno la siri. Nami silijui."
Duka langu la Mwembe Tayari lina feni moja;
nikaielekeza kwake.

Ikawaka polepole, kisha ikaandika:
*Karibu, Taibali. Leseni yako
imekwisha muda siku tatu zilizopita.*
Akahesabu kwa vidole.
"Angaa ina adabu. Imengoja arubaini ipite."

Darubini iko Kibokoni, juu ya dari,
kwenye nguzo ya saruji aliyoijenga mwenyewe,
na nguzo imeinama.
Alijua. Miaka miwili akaifunza programu kosa lake:
akaielekeza Suheli, ikakosa, akaisahihisha,
Kilimia, ikakosa, akaisahihisha,
nyota mia na kumi na nne,
mpaka ikajua nguzo yalalia wapi,
chuma chajikunja vipi joto likishuka,
jino gani la gurudumu lateleza.
Yote yamo ndani ya faili.
Faili limefungwa.

Nikawaandikia wenyewe, huko waliko.
Wakajibu: leseni ni ya mtu mmoja,
haihamishwi, hairithiwi.
Mwenye leseni atuandikie yeye.
"Atawaandikia," akasema Bi Zehra. "Sasa ana nafasi."

Mpya ni dola mia tatu na kumi kwa mwaka,
tena yaja tupu, haijui kitu,
yadhani kila nguzo duniani imesimama wima.

"Thumuni yangu ya nyumba nimerithi.
Viatu vyake nimerithi. Deni la maji nimerithi.
Kosa lake tu ndilo nisilopewa?"

Nawajua vijana wavunjao kufuli za namna hii
kwa bei ya sahani ya biriani.
Hakuniuliza. Sikumwambia.
Feni ikageuka, ikarudi.

Usiku tukapanda, yeye kwa mara ya kwanza,
akilaani magoti na ngazi na vumbi.
Nikalegeza skrubu, nikasukuma kwa mkono
kama mtu asukumaye ng'ombe wa mwenziwe.
Zohali nilimwona kwa macho, pale, waziwazi;
ndani ya lenzi, giza tupu.

"Rudisha mashariki," akasema. "Kadiri ya kidole."
"Wajuaje?"
"Miaka thelathini na mmoja
alinung'unika kwa kidole hicho juu ya wali wangu."

Nikarudisha.
Akaingia na pete yake, mdogo, kama kipini cha puani.
Bi Zehra akainama, akanyamaza mno,
kisha: "Mbona aondoka?"
Mota ingemshika, nikamwambia. Mota yangoja programu,
na programu yamngoja marehemu.
"Basi sukuma."

Nikasukuma. Akatoka tena. Nikasukuma.

Kompyuta i mezani kwangu hadi leo.
Kila asubuhi yaniuliza:
*Taibali, ukumbushwe baadaye?*
Sijabonyeza.