Punje kwa Mwaka

Siku ya somo la ardhi, Mwalimu Kyomuhangi alitutoa darasani,
akatupanga ukingoni mwa ziwa Katwe, upepo ukinuka yai viza,
akasema: mmesimama juu ya mdomo.
Tukacheka. Baluku akaruka nyuma, eti asimezwe.

Zamani, akasema, maji ya chini yalikutana na mwamba ulioyeyuka,
yakawa mvuke kabla ya kupata pa kukimbilia,
nchi ikapasuka, ikatema majivu,
ikabaki kasoko hii.
Chemchemi zikaleta chumvi. Jua likaachiwa kupika.

Mimi nilikuwa natazama chini,
jaruba la nne kutoka kwenye mti mkavu,
mgongo wa kitenge cha njano: Kabugho, mama yangu,
ameinama hapo tangu alfajiri.

Mwalimu akaanza mbali.
Vumbi na gesi. Mawe yakigongana hadi yakawa donge,
donge likayeyuka kwa moto wa makofi yake lenyewe,
chuma kwa uzito wake kikazama kitovuni,
vyepesi vikaelea, vikapoa, tukapata pa kukanyaga.
Miaka bilioni nne na nusu.
Ithungu akahesabu sifuri kwa vidole,
vikambakia viwili, akavificha mfukoni.

Na gamba hilo, akasema, si zima. Ni mabamba. Yanaelea.
Wenzangu wakakunja nyuso.
Mimi nilishayaona:
saa nane mchana, jua likiwa kali, maji ya jaruba huvaa ngozi,
nyeupe, nyembamba, ya kuvunjika kwa pumzi;
upepo ukija vipande husukumana,
hiki hupita chini ya kile, kile huinua ukingo,
na pale vinapoachana
maji ya chini hupanda, meusi, kuziba pengo.

Rwenzori haukuwahi kutapika moto, akasema
(mawingu yalikuwa yameufunika, tukamwamini tu).
Ule ni mwamba mkongwe uliosukumwa juu
bonde lilipokuwa linashuka.
Aliyetapika ni Muhabura, kule Kisoro.

Kisha akasema: kwingine duniani mabamba huenda
kwa mwendo wa kucha zinavyoota.
Sote tukatazama kucha zetu, chafu za wino.
Lakini kwenye ufa wetu ni taratibu zaidi,
milimita mbili, labda tatu, mwaka mzima.
Akaokota punje ya chumvi njiani,
akaishika juu ya jua:
Hii. Kila mwaka nchi inafunguka hii.

Jioni mama alinawa kwa maji ya mvua, maana ya ziwa yanachoma.
Kucha zake hazijawahi kuvuka ncha ya kidole;
chumvi huzila zikingali changa.
Nikapiga hesabu kimya:
basi Afrika, hapa kwetu,
inakwenda kwa kucha za mama.

Nikamwambia nchi inapasuka.
Akasema, najua. Mwaka ule lilipotikisika
ukuta wa jaruba ulipata ufa mdogo, hata kidole hakipiti,
chumvi ya miezi miwili ikarudi ziwani usiku,
na ada yako akalipa shangazi.

Nikamwambia huenda siku moja, mbali sana,
hata hao tutakaowazaa hawatakuwapo,
bonde likazidi kushuka na bahari ikaingia.

Akakung'uta mikono, akafikiri.
Bahari, hiyo nayo ina chumvi?

Ndiyo, mama.

Tele?

Tele.

Akaangalia magunia matatu mlangoni,
yakingoja lori la Kasese lililosema litakuja Jumanne,
na leo ni Alhamisi.

Sasa yetu, akasema, atainunua nani?