Waliokuwepo

Ukumbi wa kiwanda ulichukua watu mia nane,
mia tisa wakibanana.
Leo ukiwahesabu wote wa Łódź wanaoapa walikuwepo
utajaza uwanja wa mpira, na foleni itabaki getini.

Sisi wanne hukutana kila Novemba kwa Genowefa,
ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Mmoja huja na keki ya mbegu za popi,
mwingine huja na magoti yake tu, na huo ni mzigo wa kutosha.
Chai humiminwa kwenye glasi, kisha usiku ule nao humiminwa.

Theluji ilianguka, asema Zenon.
Theluji ya wapi! Mvua, asema Ludwika,
viatu vyangu vya kwanza vya kisigino viliachama soli pale mlangoni,
na mtu hasahau soli yake.
Bogna Zarzycka alivaa nyekundu. Alivaa kijani.
Kijani cha chupa, Zenon anashikilia,
na Genowefa humcheka: wewe uliyeoa mke wa macho ya kahawia
ukamwandikia barua za macho ya buluu!

Lakini wimbo wa tatu hauna ubishi.
Katikati ya ubeti umeme ukakatika.
Magitaa yakafa, kipaza sauti kikafa,
giza likawaangukia kama jora zima la kitambaa cheusi.
Mwaka wa themanini na moja, msimu wa kuponi za sukari:
giza halikuwa giza tu, lilivaa buti.
Watu wakangoja mlango uvunjwe.

Haukuvunjwa. Bogna akaimba kwa koo tupu.

Safu za mbele waliketi wafumaji wa zamu ya usiku,
wanawake ambao mitambo ilikwisha kuwala masikio.
Miaka na miaka walisomana midomo,
wakasengenyana ndani ya ngurumo ile bila neno kupotea.
Sasa sauti ipo, midomo haionekani.
Mmoja akawasha kiberiti. Tumwone anasema nini!
Kikamuunguza kidole, jirani akawasha chake,
hivyo hivyo, njiti kwa njiti, siku ambazo njiti ilihesabiwa kama dawa,
wakauangaza mdomo wa mtu mmoja hadi wimbo ukaisha
na mwingine ukaanza.

Hapa Genowefa hulia. Hulia kila mwaka, na kila mwaka huomba radhi.
Ludwika hupiga meza:
mkono uliozima umeme ule, uoze!
La, ubarikiwe, asema Genowefa, bila huo tungekuwa na nini?
Mimi nawapitishia sukari.
Kwa mkono huo huo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, fundi mwanafunzi,
chini ya ukumbi, chumba cha swichi, harufu ya grisi na kabichi.
Simu ikalia. Mkurugenzi: Zima.
Nikazima. Nisidanganye kuwa nilisita.
Tiketi nilikuwa nayo mfukoni, safu ya kumi na mbili,
ningepanda zamu ikiisha.

Juu, kimya. Kisha ndani ya bomba la mvuke
ikashuka sauti nyembamba, yenye kutu,
sikuambua neno hata moja.
Nyekundu, kijani, njiti za kiberiti: vyote nimeazima kwao,
nimetembea navyo miaka arobaini
hadi vimechukua umbo la mfuko wangu.

Simu ikalia tena: Washa! Washa upesi, gizani wamezidi!
Nikasema, ndiyo, bwana mkurugenzi.
Nikaketi juu ya ndoo.
Nikamenya yai langu la kuchemsha, polepole, kipande kwa kipande,
nikalila bila chumvi,
simu ikilia.

Yai hilo ndilo langu. Mengine ni yao.

Mwaka huu nilitaka kusema. Nilifungua mdomo.
Ludwika, aliyefuma miaka ishirini na mitatu,
akauinamia mdomo wangu, akangoja,
nikasema:
Ilikuwa mvua.