Luku Imekwisha

Asubuhi Mkude anapita na baiskeli yake,
matenga mawili, maji bado yanadondoka,
"Mchichaaa! Tembeleee! Chainiziii!"
na mwanangu Zamoyoni, miaka minne na nusu,
anakimbilia ndani, nyuma ya pipa la maji,
kama mwenye deni aliyesikia hodi.

Nimejaribu, jamani. Kigogo nzima inajua.
Nilikata karoti ndogo ndogo kama punje za mchele
nikazizika katika pilau ya Ijumaa;
akazifukua moja moja, akazipanga ukingoni mwa sahani.
Bandarini hakuna afisa forodha anayekagua hivyo.
Nilisaga mchicha nikaukandia kwenye chapati.
"Mama, chapati imeota ukungu."
Nikamwambia bamia inaongeza mbio.
"Mbona yenyewe haikimbii?"

Anachotaka ni chipsi. Chipsi za yule kijana wa kona
mwenye kabati la kioo,
na humo pia kitunguu kikionekana, ni msiba.

Mama yangu akapiga simu kutoka Kisarawe, nikamshtakia.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Na ule mlenda uliokuwa ukiumwaga chini ya jamvi,
ulidhani nilidhani konokono wamepita?"
Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumanne: kisamvu cha nazi,
nimekitwanga mwenyewe kwenye kinu cha kuazima,
viganja bado vinawaka.
Zamoyoni kafunga mdomo, kameza ufunguo.
Kijiko kikawa ndege, kikawa treni,
kikawa mkono wa mtu aliyechoka.
Mara luku, iliyokuwa ikilia tangu adhuhuri,
ikanyamaza.

Giza.
Feni ikajizungusha kwa mazoea, ikasimama.
Simu yangu nayo ilishazima.
Tukakaa hivyo, simwoni, hanioni.
Nikasikia kijiko kikigusa sahani.
Kisha tena.
Sikutia neno. Nilipumua kwa ncha ya pua,
maana gizani hakuna kijani,
kuna nazi tu, na chumvi, na njaa.
Nami, kwa siri yangu, nikala zile nyanya chungu
ninazompakulia baba yake kila siku
akidhani ni mapenzi.

Baba yake akarudi, akabonyeza namba, taa ikawaka.
Sahani imetakata. Kidevu kijani.
Mtoto akatazama vidole vyake, akanitazama mimi,
macho ya mtu aliyeuziwa boksi tupu Kariakoo.
Nikangoja kilio.
Akalamba kidole gumba, taratibu,
akaenda zake kuoga bila kuitwa.

Jana niliandaa matembele.
Akanuna. Akakunja mikono.
Halafu akashuka, akaburuta stuli mpaka ukutani,
akapanda, akajinyoosha, tik.

"Nani kazima taa?" baba yake akauliza toka chumbani.

"Shii," akasema Zamoyoni,
"tunakula."