Upande wa Nane

Kalenda ilitoka duka la saruji, Lindi mjini,
mwaka nilioingia darasa la tatu.
Kasri la Ulaya, la wafalme wa nywele za kubandika,
madirisha mengi hata ukihesabu unapotea,
na mbele yake bustani:
majani yamekatwa yakawa duara, yakawa nyota,
yakawa pindo la kanga iliyopigwa pasi.
Mwaka ukaisha. Kalenda haikushuka ukutani.
"Hapo," baba alisema, saruji imemkaukia kuchani,
"kuna mtu alivuta kamba kabla mche haujaota."

Fundi Ngaweje. Ukipita Mtanda, kila ukuta wa tatu
umenyooshwa na timazi lake.
Nyumbani kwetu chumba cha nyuma
hakina lenta hadi leo.

Ulaya hakufika. Amefika Kilwa,
ana miaka sabini na miwili, shati la kazi limefuliwa,
futikamba mfukoni, ile ya chuma, ya kung'ata vidole.
Tukalipa, tukapewa risiti, tukavushwa hadi kisiwani.
Somoe akatutangulia na viatu vyake vya plastiki.
"Husuni Kubwa. Huku ngazi, huku uwanda, huku maghala."
Maneno ameyasema mara nyingi,
yamelainika kama vidato anavyovikanyaga.
Baba hasikii. Ameweka kiganja ukutani
kama anayempima mtoto homa.
"Matumbawe," anasema, si kwetu.
"Na chokaa hii iliiva. Walikuwa na subira hawa."

Na bustani? nikauliza, kwa ajili ya ile kalenda.
Somoe akacheka, akanyoosha mkono:
mbuzi wanne, uani kwa sultani,
kila mmoja anakata majani anapopataka.
Hakuna duara. Hakuna nyota.

Kisha tukalikuta birika.

Pembe nane.
Limekauka, sakafuni majani ya mkwaju,
mjusi anapanda pale maji yalipokuwa yakishuka.
Baba akavua kofia.
"Shika ncha," akaniambia, nami nikashika,
kama zamani, likizo za Desemba, nikiwa kibarua wake wa bure.
Upande wa kwanza. Wa pili. Anaandika nyuma ya risiti
kwa kalamu ya seremala, anaguna, anarudia wa tatu.
"Wamepishana unywele," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa
akagundua mwizi ni ndugu yake.

"Wataalamu wanasema kasri halikumalizika," Somoe akaeleza.
"Huenda sultani alifariki. Huenda biashara..."
"Fundi hakulipwa."
"Wanasema, mzee, huenda..."
"Fundi hakulipwa," akarudia, taratibu,
macho yake kwenye tundu la mlango uliokosa mlango.

Mimi nikainamia ncha ya futi.
Namjua fundi ambaye hakulipwa.
Nondo za chumba cha nyuma zilikuwa ada yangu, kidato cha kwanza;
kokoto, ikawa sare na godoro la bweni;
na mwaka uliofuata hakuna aliyetaja tena lenta,
tukapaita stoo, tukaweka magunia ya ufuta
chini ya bati lililoshikiliwa na mlingoti.

Upande wa nane hakuupima.
Mbuzi mmoja alikuwa amelala ukingoni, anacheua,
ndevu zake zimeelekea bahari.
"Nimfukuze?" Somoe akauliza.
"Mwache. Yeye ndiye mwenye nyumba."

Risiti ninayo. Namba saba zimepangwa wima,
na chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia la nne:
*wa nane mbuzi kalala.*

Tuliporudi Kilwa Masoko nilidhani ataulizia chai.
Akaingia duka la vifaa vya ujenzi,
akagonga kaunta kwa ile kalamu:
"Nondo ya milimita kumi na mbili, kijana,
mnauzaje siku hizi?"

Nikafungua mkoba.