Chumba cha Juu, Kushoto

Mvua inapiga bati la hospitali, Tukuyu.
Daktari anageuza kioo, mama aone
kivuli kikifumba na kufumbua.
"Chumba cha juu, kushoto, kimetanuka."

Kwa nini?
"Presha, bibi. Miaka ishirini inasukuma ukuta.
Na mlango haufungi sawasawa,
damu ikishapita, nyingine inarudi."

Mama Tupokigwe anafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja.
Dawa alimeza kichwa kilipouma tu,
zilizobaki akamgawia jirani.

Kwenye kipandio cha migomba anasimama mara tatu, anahema.
"Nyumbani vyumba vinne, vitupu.
Wote mmeshukia Dar.
Hiki ndicho kinaongezeka.
Atalala nani humo?"

Mwavuli nikauhamishia upande wake.