Namba ya Injini

Kadi ya gari imekunjwa mara nne.
Pale mikunjo inapokutana pametoboka,
na ndani ya tundu limepotea jina la mtu
aliyemiliki hii Pijo kuanzia sitini na nane
mpaka sabini na tatu.

Baba hakuwahi kumtaja.
Alisema tu, "Niliinunua Mbeya, ikiwa inatembea,"
kana kwamba gari huanza kuishi
siku unapolilipia.

Nilianza na msasa.
Mvua ya Tukuyu haina adabu, hula bati likiwa hai.
Vidonda vya milangoni nikaviruka, nikakwangua penye afya:
juu nyeupe ya baba, ya brashi ya ukutani;
chini yake kijani, na ndani ya kijani, kama kovu,
USHIR, halafu pengo, halafu KAHA;
chini ya kijani bluu;
chini ya bluu, nyembamba kama ganda la kitunguu,
kijivu.

Nikaandika barua kiwandani, Ufaransa.
Mwalimu Gwakisa alinitafsiria kwa mkungu wa ndizi.
Miezi mitano. Nilishasahau.
Ikaja bahasha ya mtunza madaftari, karatasi moja:
bodi ilitoka tarehe tisa Novemba, mwaka sitini na mbili,
rangi kijivu, usukani kulia, viti vyekundu,
ishushwe Dar es Salaam.
Na chini kabisa, kwa mkono:
"Injini uliyotuandikia, Bibi, si ya gari hili.
Ni ya mdogo wake, aliyezaliwa miaka mitatu baadaye."
Ndivyo alivyosoma Gwakisa.
Huenda Mfaransa aliandika kwa ukavu zaidi.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Miaka yote ile, alfajiri, baba akiibembeleza,
"Haya mama, haya, twende,"
alikuwa akimbembeleza mgeni.

Fundi Anyosisye ndiye aliyeifunga. Sasa haoni vizuri.
Akaipapasa namba kwa kidole gumba.
"Hii tuliitoa Kitonga, ule mwaka wa shida ya mafuta,
Jumapili magari yakikatazwa barabarani.
Pikapu ya nyanya. Ilishika kona, kona haikuishika.
Bodi tuliiacha bondeni.
Injini? Haikuwa na mkwaruzo.
Mwenyewe alikuwa Kihwele, wa Ilula."
Akajifuta kidole kwenye suruali, muda mrefu.

Basi nikaendesha. Igawa, Makambako, Mafinga,
Iringa nikalala na blanketi mbili.
Ilula nikauliza sokoni, penye matenga,
wakanionyesha nyumba yenye mlango wa bluu.

"Kamwene," nikasema, Kihehe changu chote kikaishia hapo.
Bibi Leokadia alikuwa akichambua maharage.
Nikamweleza madaftari, rangi, tarehe, namba.
Karatasi hakuitaka hata kuishika.
"Iwashe."

Ikakohoa mara mbili, ikagoma,
ikakohoa tena, ikashika.
Akasimama penye boneti iliyo wazi,
ncha za kitambaa chake zikitikisika,
maharage mawili bado kiganjani.
"Kikohozi kile kile," akasema.
"Si nilikwambia ubadilishe plagi?"

Sikujua anamwambia nani.
Sikuizima.
Iliunguruma pale mpaka mshale wa mafuta ukalala,
na petroli ya Ilula si ya kuchezea.

Fomu ya kadi mpya ina mstari mmoja tu
wa mmiliki aliyetangulia.
Nimeandika mpaka pembeni, nikageuza karatasi:
daktari wa mashamba ya chai, chama cha ushirika, baba yangu,
na Kihwele, ambaye hakuwahi hata kuliona gari hili.
Wa sitini na nane nimemwekea nafasi, wazi.

Karani ameitazama, ameigeuza, ameigeuza tena.
Amesema nirudi Alhamisi.