Y na Z

Ile ya zamani ilikufa Alhamisi
baina ya adhuhuri na alasiri,
baba akiandika barua yake ya saba
kwa ofisi ya malipo ya uzeeni.
Haikupiga kelele. Iliguna tu kama paka aliyekanyagwa,
ikatoa harufu ya waya, kioo kikazama weusi.
Fundi wa Bondeni aliifungua, akatuonyesha
kutu ya rangi ya bizari
na sisimizi wawili, marehemu.
"Ni chumvi," akasema. "Mji huu unatafuna chuma."

Miaka kumi na mmoja. Herufi A ilishafutika kitambo,
maana Kiswahili hakiendi popote bila A.

Nilikuwa na elfu kumi na nane.
Dada yangu Mwanasiti, aliye Doha, aliahidi tano,
na ahadi ya Mwanasiti huja mwisho wa mwezi,
ila hasemi mwezi gani.

Jumamosi nikashuka kwa Twalibu,
duka jembamba nyuma ya Mwembe Tayari,
kompyuta zimesimamishwa ubavu kwa ubavu
kama sahani zinazochuja maji.
"Ya kazi gani?" akauliza.
Swali dogo, nami nikalijibu vibaya:
"Ya wazee tu."
Akaniletea moja nzito kama tofali, na polepole kama foleni ya benki.

Nikaanza upya.
Baba: barua, na ule mchezo wa karata anaoapa hachezi.
Mama: oda za hina, picha za viganja mia mbili na zaidi,
na Mwanasiti kila Ijumaa, uso kwa uso,
mpaka bando likatike.
Iwe na betri, stima za kwetu hazina adabu.
Maandishi yakuzike. Sauti ishinde feni.
Isiwe maridadi mno, wajukuu wataihamisha.
Na diski isiyozunguka;
kinachozunguka huku kwetu hula mchanga.

Twalibu akapiga ngoma ya vidole kwenye kaunta,
kisha akavuta ya kijivu, iliyotoka Ujerumani,
ubavuni kibandiko cha shule fulani, namba 114.
Yote niliyotaja, inayo.
Elfu kumi na sita na mia tano.

"Mbona rahisi?"

Akaigeuza nione: Z imekalia kiti cha Y,
na Y imetupwa chini, pembeni kabisa.
"Wateja huikimbia. Ukiandika Mzee, inatoka Myee."

Nikampigia baba. Akacheka kicheko chake cha bandarini.
"Miaka thelathini na moja nimepiga chapa,
macho yangu kwenye karatasi, si kwenye vidole.
Nani kakwambia mimi husoma kibodi?
Mwambie huyo kijana aifunze Kiingereza ndani,
nje ibaki na Kijerumani chake."

Twalibu akabonyeza hapa na pale, ikafundishika.
Ile mia tano nikamwomba aisamehe.
Akasamehe mia tatu, akanipa na kitambaa cha kufutia.

Lakini mama huwinda herufi moja moja,
kidole kimoja, kama achambuaye mchele.
Baada ya magharibi akaketi nayo,
aandike jina la bi harusi wa Jumapili, Zamzam.
Ikatoka Yamyam.

Hakusema neno. Aliingia chumbani,
akarudi na rangi ya kucha, nyekundu,
na kijiti anachochorea maua mikononi mwa watu.
Akavaa miwani. Akainama.
Akaziandika mbili upya, moja juu, moja chini,
na Y yake, mkono haujizuii,
ikaota kijani kidogo mkiani.

"Msiguse," akasema. "Haijakauka."

Tukakaa watatu, feni inazunguka,
barua ya saba imerudi kichwani mwa baba
na vidole vinamwasha.
Naye, asiyesoma kibodi,
alikuwa ameikazia macho.